Mgonjwa Huyu Aulizwe

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba aliyelala kitandani hana nguvu ya kusema ataka nini. Basi mwenye huruma na apike, apooze, amnyweshe. Methali hii ni njema kwa mambo ya uji. Lakini iko hatua moja katika ugonjwa ambayo mgonjwa hana budi kuulizwa, tena aulizwe kwa lugha aijuayo, na apewe muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Hatua hiyo humfikia mtu aliyepasuliwa akaondolewa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Ameambiwa kuwa uvimbe wote uliokuwa ukionekana umekwisha tolewa. Sasa lipo swali: je, aongezewe matibabu ili ugonjwa usirudi, au angoje huku waganga wakimwangalia kwa karibu? Leo twapenda kusema neno juu ya swali hilo, na juu ya nani anayestahili kulijibu.

Melanoma huanzia katika chembe zile zinazoipa ngozi rangi. Kwa watu weupe wa Australia, Ulaya na Marekani huletwa zaidi na jua. Kwa sisi watu weusi ni ugonjwa wa nadra, lakini haukosekani, nao una desturi ya kujificha: hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, mahali ambapo jua si sababu kubwa. Isichanganywe na saratani za ngozi ziwapatazo ndugu zetu wenye ualbino, ambazo nyingi ni za aina nyingine na huletwa na jua. Mkulima huona doa jeusi unyayoni akadhani ni chunjua, au jeraha la mwiba lisilopona. Hulipaka dawa, hulikata kwa wembe, na miezi ikapita. Ndiyo sababu wengi wetu hufika hospitali wakati kidonda kimekwisha kuwa kikubwa.

Habari za Bob Marley zajulikana na wengi. Mwanamuziki huyo wa Jamaica, ambaye Aprili 1980 aliimba mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, alionekana mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alipasuliwa na kubandikwa ngozi, lakini kidole chenyewe hakikukatwa. Akarudi katika safari zake na nyimbo zake. Septemba 1980 alianguka mjini New York, na waganga wakaona kuwa saratani imekwisha fika kwenye ubongo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Hatuleti habari hizi ili kumlaumu marehemu, kwani dawa tutakazozitaja hapa hazikuwako wakati wake. Twazileta kwa sababu zaonyesha kuwa ugonjwa huu ni wetu pia, na kwamba waweza kukaa kimya kwa miaka kadhaa baada ya kisu, kisha ukarudi na nguvu.

Kwanza tuseme ni nani anayepaswa kuulizwa swali hili. Daktari wa maabara hupima kwa milimita unene wa uvimbe uliokatwa. Kipimo hicho ni cha Alexander Breslow wa Marekani, aliyekitangaza mwaka 1970, na hadi leo hakijapata mshindani. Uvimbe mwembamba usiofika milimita moja, ambao haukupasuka kuwa kidonda, mara nyingi humalizwa na kisu peke yake. Mtu huyo hahitaji dawa zaidi. Ahitaji kujiangalia tu. Swali ni gumu kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa mnene, au ulikuwa na kidonda, au mbegu za saratani zimekwisha fika kwenye tezi za karibu. Kwa mwenye ugonjwa wa unyayo, tezi hizo ni zile za kinenani, ambazo zikivimba watu husema fulani ana mtoki. Kwa hiyo mgonjwa asiyepewa majibu ya maabara yake hawezi hata kujua kama swali lamhusu. Twasema kwa mkazo: karatasi ile ni haki yake, nayo isomwe mbele yake.

Wako watu, tena wengi, waaminio kuwa matibabu mengi ndiyo matibabu bora. Historia ya ugonjwa huu yatufundisha kuwa na hadhari. Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyekutwa na mbegu kidogo za saratani katika tezi ya kwanza alipasuliwa tena na kuondolewa tezi zote za mahali pale. Ilionekana ni busara, kwani nani atakaye kuacha magugu shambani? Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 1,900. Nusu yao waliondolewa tezi zote, na nusu waliachwa, wakawa wanaangaliwa mara kwa mara kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Baada ya miaka 3, katika kila kundi watu 86 kwa 100 walikuwa hawajauawa na melanoma. Tofauti kubwa ilikuwa katika uvimbe wa mkono au mguu, ule unaofanana na matende: uliwapata 24 kwa 100 katika wale waliopasuliwa tena, na 6 kwa 100 katika wale waliongoja. Tangu hapo, wagonjwa wengi wa namna hiyo wameepushwa na kisu cha pili. Mkulima aliyebakiwa na mguu wake mzima aweza kusimama shambani.

Sasa tuje kwenye dawa. Katika miaka hii ya karibuni waganga wamepata dawa zinazoondoa breki katika kinga ya mwili, ili askari wa mwili wenyewe waitambue saratani na kuishambulia. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Moja ya dawa hizo, pembrolizumab, ilijaribiwa kwa watu 1,019 ambao melanoma yao ilikuwa imefika kwenye tezi na ikaondolewa yote kwa kisu. Baada ya miaka 5, waliopewa dawa ambao walikuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa 55 kwa 100. Waliopewa maji yasiyo na dawa walikuwa 38 kwa 100.

Tuzifikirie hesabu hizi kama mkulima anavyofikiri gunia lake. Katika watu 100 wa namna hiyo, 38 wangebaki salama muda huo hata bila dawa. Watu 45 ugonjwa ungewarudia, au wangekufa, hata kwa dawa. Waliobaki ni 17, na hao ndio walionufaika katika miaka ile 5. Si watu wachache. Katika wagonjwa 100, 17 ni nyumba 17. Lakini taabu iliyopo ni kwamba hakuna mganga awezaye kumwonyesha mgonjwa kidole na kumwambia wewe u katika wale 17. Wote 100 watatundikiwa dawa ili hao wanufaike.

Tena dawa yenyewe si maji ya kunywa. Kinga iliyoondolewa breki yaweza kugeuka na kushambulia mwili: utumbo ukawaka na mtu akaharisha damu, mapafu na ini yakavimba, tezi ya shingoni au ile ndogo iliyo chini ya ubongo ikaharibika, na mtu akalazimika kumeza vidonge maisha yake yote. Wachache hupata kisukari. Katika uchunguzi ule, madhara makali yaliyotokana na matibabu yaliwapata karibu 15 kwa 100 waliopewa dawa, na 3 kwa 100 katika wale wengine. Mmoja alikufa kwa madhara hayo. Kwa wenye badiliko la mbegu ya urithi liitwalo BRAF viko vidonge vya kumeza, dabrafenib na trametinib. Vidonge hivi hupunguza kurudi kwa ugonjwa. Lakini baada ya miaka 8, waliokuwa hai walikuwa 71 kwa 100 kwa waliovimeza na 65 kwa wasiovimeza, tofauti ambayo wataalamu hawakuweza kuihesabu kuwa ya hakika. Kuzuia ugonjwa usirudi na kurefusha maisha ni mambo yanayokaribiana, lakini si jambo moja, na mgonjwa aelezwe yote mawili.

Liko jambo jingine lituhusulo sisi hasa. Walioingia katika uchunguzi huu wengi wao walikuwa watu weupe, na melanoma yao ilikuwa ile ya ngozi iliyopigwa na jua. Melanoma ya unyayo na ya ukucha, kwa jumla, huitika dawa za kinga kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, na badiliko la BRAF huonekana humo mara chache zaidi. Kwa hiyo daktari wa Dar es Salaam au Moshi asomapo hesabu za wageni asimwahidi mgonjwa wake mavuno yale yale. Mbegu iliyostawi nyanda za juu huenda isizae sawasawa pwani.

Hapo ndipo methali zetu mbili zinapogongana. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine yasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Nani mwenye haki? Twaona kuwa wote wawili wanayo haki, kwa kutegemea ni nani anayesema. Mama mwenye umri wa miaka 35, mwenye watoto wadogo watatu, aweza kusema: nipeni kila kinachoweza kunisaidia, hata kama kitaniumiza, ili nisije nikajilaumu. Hakukosea. Mzee wa miaka 74 mwenye moyo dhaifu aweza kusema: miaka niliyobakiwa nayo naitaka nikiwa nyumbani, nisiimalize nikiwa kwenye basi, ugonjwa ukirudi tutazungumza tena. Naye hakukosea. Ikumbukwe kwamba katika uchunguzi tulioutaja, wale wasiopewa dawa waliruhusiwa kuipata ugonjwa ulipowarudia. Kungoja leo si kuifunga milango ya kesho, ila ni kukubali kwamba huenda adui akapata hatua za mwanzo.

Lakini twaonya: kungoja kwa uangalizi si kukaa. Ni kazi, tena ina ratiba. Mgonjwa wa daraja hilo huonwa na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya kwanza, kwani huo ndio wakati ambao ugonjwa hurudi zaidi. Baadaye nafasi huongezwa, lakini uangalizi hauishi upesi. Tezi hupapaswa, na panapo mashine hupimwa kwa mashine. Mgonjwa mwenyewe kila mwezi hutazama kovu lake, nyayo zote mbili, kati ya vidole na chini ya kucha, na kupapasa kinena chake. Akiona kivimbe au doa jipya asingoje tarehe, aende. Mtu aliyeambiwa nenda nyumbani, ukiumwa rudi, huyo hakupewa uangalizi. Ameachwa, ijapokuwa maneno aliyoambiwa ni ya upole.

Sasa na tuseme ukweli juu ya nchi yetu. Mkulima wa Mpanda yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Akichagua pembrolizumab kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mmoja, ni kutundikiwa dawa mara 18. Akichagua kungoja na kuonwa kila miezi 3, ni safari 8 katika miaka 2. Kila safari ina nauli, ina malazi, ina siku za kulima zilizopotea. Na bei ya dawa hiyo ni mlima mwingine: nchini Marekani dozi za mwaka mmoja hupita dola 100,000. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kinga za namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kwa melanoma iliyokwisha enea mwilini, wala si kwa aliyepasuliwa akawa safi. Basi kwa wananchi wengi njia moja imefungwa kwa bei, na ya pili imefungwa kwa nauli. Mtu wa namna hiyo tukisema kuwa amechagua kungoja, twalidhihaki neno kuchagua.

Tangu siku za TANU Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Katika habari hii maadui hao wameshikana mikono. Maradhi yamekatwa kwa kisu. Ujinga humfanya mgonjwa asijue alichokatwa. Umaskini humzuia asirudi kuangaliwa.

Ziko pia desturi zetu zinazohitaji kusahihishwa. Mara nyingi daktari humwita kijana mkubwa au shemeji nje ya mlango, akamnong'oneza habari zote, na mgonjwa akaambiwa kwamba ni kidonda tu, kitapona. Kisha wazee wa ukoo hukaa kikao, wakaamua. Nia yao ni huruma, wala hatuidharau. Tena ukoo ndio utakaochanga nauli, kwa hiyo una haki ya kusikilizwa. Lakini mwili utakaoharishwa na dawa ni wa mgonjwa, na hofu ya kungoja usiku kucha ni yake pia. Mtu asiyeambiwa ana ugonjwa gani hawezi kupapasa kinena chake kila mwezi akijua anatafuta nini. Siri humnyang'anya silaha yake ya kwanza.

Watasema wengine kuwa mgonjwa hakusoma udaktari, atachaguaje? Jibu letu ni kwamba haulizwi habari za udaktari. Daktari ndiye ajuaye unene wa uvimbe, hesabu za kurudi kwa ugonjwa na madhara ya dawa, naye ana wajibu wa kusema yeye mwenyewe aona lipi lafaa. Kumtupia mgonjwa mzigo wote na kunyamaza si heshima. Lakini ni mgonjwa peke yake ajuaye ni kipi anachokihofia zaidi, ni nani wanaomtegemea, na yuko tayari kulipa nini kwa ajili ya nafasi 17 katika 100. Mkulima asiyejua kusoma hupima kila mwaka kama apande mapema au angoje mvua ya pili, na hupima kwa akili. Akielezwa kwa mawe au kwa punje 100 za mahindi mezani, atapima hili pia.

Kwa hiyo twatoa rai zifuatazo. Kwanza, kila mgonjwa aliyepasuliwa melanoma apewe nakala ya majibu ya maabara, na aelezwe kwa Kiswahili chepesi daraja la ugonjwa wake, njia zote mbili, na faida na hasara za kila moja, kabla ya kuondoka hospitali. Pili, uangalizi usogezwe karibu na watu. Tangu mwaka 1992 kiko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wataalamu wa namna hiyo walioko mikoani na wilayani waweza kumtazama mgonjwa unyayo na kinena, wakamwandikia Ocean Road, Bugando au Muhimbili pale tu panapotokea jambo. Tatu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twaomba wanaoitekeleza wahesabu uangalizi baada ya kupasuliwa kuwa ni matibabu kamili. Kumwona mtu mara 8 na kukuta tezi ikiwa bado ndogo ni nafuu kwa hazina kuliko kumpokea akiwa amelemewa. Nne, Serikali yetu ishirikiane na nchi jirani katika kununua dawa za saratani kwa pamoja, ili bei ishuke na njia ya pili nayo ifunguke.

Kwa wananchi twasema hivi. Vua viatu leo usiku, utazame nyayo zako. Ukiona doa jeusi linalokua, au mstari mweusi unaopanuka katika ukucha, nenda kwa mganga wa hospitali. Na wewe uliyekwisha pasuliwa, usione haya kuuliza: uvimbe wangu ulikuwa na unene gani, tezi zangu zilikutwaje, nikingoja nitaonwa lini na nani? Andika tarehe hizo ukutani. Na nyinyi waganga wetu, ambao twaijua kazi yenu ngumu na uchache wenu, tafadhalini mwekeeni kiti mgonjwa huyo, mfunge mlango, mmweleze yote, kisha mmngojee ajibu.